Maswali Yenu: Poka ya Mtandaoni na Pesa ya Mezani

Barua kuhusu poka ya kwenye simu zimerundikana. Zinazofanana tumeziunganisha, na pale mwandishi alipotaja kampuni tumeliondoa jina, kwa sababu upande wa pili hatukuusikia. Kwa msomaji asiyeujua mchezo: barua zote zinahusu aina iitwayo Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa katikati kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Katika kila hatua watu huweka dau, hufuata, hupandisha au hutupa karata. Pesa za katikati tutaziita chungu, na mzunguko mzima tutauita mkono.

Tofauti na kubeti mpira, hapa hupambani na kampuni. Pesa unayoshinda imetoka mfukoni mwa mtu mwingine aliyeshika simu kama wewe, na kampuni inachukua chake kila chungu kinapoliwa. Majibu mengi hapa chini yanaanzia hapo.

Niliweka dola 20. Baada ya wiki tatu zimebaki sita na ushei. Nimepitia mikono yangu, naona nashinda karibu sawa na ninavyoshindwa. Hii programu inaniibia? — Msomaji, Tanga

Huenda haikuibii, inakukata tu. Kampuni nyingi hukata karibu asilimia 5 ya kila chungu kilichofika kwenye karata za wazi, hadi kikomo fulani. Chukua mikono kumi mliyopambana wewe na mtu mmoja, kila mmoja akiweka dola 2. Chungu ni dola 4, kato ni senti 20, mshindi anaondoka na dola 3.80. Ukishindwa mitano umepoteza dola 10. Ukishinda mitano, faida yako ni dola 1.80 mara tano, yaani dola 9. Mmetoka sare kabisa, na wewe umepungukiwa dola moja. Mwenzako naye vivyo hivyo.

Sasa tazama meza nzima. Watu sita, madau ya lazima ni senti 5 na senti 10, kila mmoja ameingia na dola 10. Mezani pana dola 60. Mtandaoni meza moja huenda mikono 70 hivi kwa saa, maana hakuna anayechanga karata kwa vidole. Tuseme 40 kati ya hiyo inafika kwenye karata za wazi na chungu cha wastani ni dola 1.50. Kato ni senti 7 na nusu kwa mkono, dola 3 kwa saa. Watu walewale wakikaa saa 20 bila kuongeza pesa, zote 60 zimehamia kwa kampuni na hakuna aliyeshinda. Meza haikauki kwa sababu moja tu: kila mara kuna anayeingia na pesa mpya.

Kato huuma zaidi kwenye meza ndogo kama zako, kwa kuwa kile kikomo kimewekwa juu kuliko vyungu vyenu, hamkifikii. Kabla ya kukaa, fungua ukurasa wa makato usome mambo matatu: asilimia, kikomo, na kama wanakata hata mkono ulioisha kabla ya karata za wazi. Kwenye mashindano kato limo ndani ya kiingilio. Ukiona "dola 10 + 1", ile moja haishindaniwi, imeshakwenda.

Halafu kuna makato yasiyoonekana ndani ya programu: ada ya kutuma, tofauti ya bei ya kununua na kuuza dola, ada ya kutoa. Shilingi ikigeuzwa dola na kurudi shilingi, kila upande inaacha kitu hata kama hukucheza mkono mmoja. Serikali nayo ina chake. Kenya, kwa mfano, viwango vya kodi ya kamari vimebadilishwa mara kadhaa, kwa hiyo uliza cha mwaka huu, si cha juzi.

Nunua daftari. Kila siku andika tarehe, aina ya meza, saa ulizokaa na idadi ya mikono. Upande wa pesa usiandike salio la programu. Andika kilichotoka kwenye M-Pesa au Airtel Money kwenda huko, na kilichorudi, kwa kunakili ujumbe wa simu. Mtu hukumbuka chungu kikubwa alichoshinda Ijumaa na kusahau dola 5 alizoongeza Jumamosi usiku. Ujumbe wa simu hausahau.

Mwezi huu nimeshinda dola 100 kwenye meza za senti 5 na 10, mikono elfu kumi hivi, meza moja moja. Mshahara wangu wa dukani hauko mbali na hapo. Niache kazi? — Kijana wa Mwanza

Usiache. Hongera kwa mwezi mzuri, ila hebu tuupime.

Kwenye meza za watu sita, matokeo ya mchezaji hupanda na kushuka kwa kiasi cha madau makubwa 90 hivi (dau kubwa ni lile la lazima lililo kubwa zaidi, kwako senti 10) kwa kila mikono 100. Hicho ndicho wanahesabu hukiita mkengeuko wa kawaida. Kwa mikono 10,000 inakuwa madau 900, yaani dola 90 kwenye meza zako. Mchezaji ambaye kwa uwezo wake hashindi wala hashindwi atapata mwezi kama wako, au mzuri zaidi, takriban mara moja katika kila miezi saba au minane. Kwa bahati tu. Na mchezaji mzuri kweli, anayezalisha madau 5 kwa kila mikono 100 baada ya makato, atamaliza mwezi wa mikono elfu kumi akiwa na hasara karibu mara tatu katika kila kumi. Atakula nini miezi hiyo?

Mikono 100,000 ndiyo inaanza kusema kitu. Kwa mwendo wako ni zaidi ya saa 1,400.

Piga na hesabu nyingine ambayo wengi huikwepa. Mikono 10,000 kwa mikono 70 kwa saa ni saa 143. Dola 100 ukigawa kwa saa 143 unapata senti 70 kwa saa, katika mwezi ambao bahati ilikuwa upande wako. Watu hujibu kwamba wataongeza meza, nne au sita kwa pamoja. Inawezekana kwenye kompyuta. Kwenye simu ni kujitafutia makosa. Wengine hujibu kwamba watapanda meza kubwa. Huko ndiko walipo waliokwisha kukumbana na maswali haya miaka kumi iliyopita.

Ukiamua kuendelea kama mchezo wa pembeni, tenga fungu lisilogusa kodi wala ada ya shule: angalau viingilio 30 vya meza unayokaa, kwako wewe dola 300, na ukibakiwa na viingilio 20 unashuka meza. Mashindano yanahitaji viingilio 100 au zaidi, kwa sababu kwa kawaida ni kama watu 15 tu katika kila 100 wanaolipwa, na pesa yenyewe imerundikwa kwa watatu wa juu. Tunajua utatutajia Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani aliyeingia kwa shindano dogo la mtandaoni la dola 86, akafika Las Vegas na kutwaa ubingwa wa dunia wa 2003 pamoja na dola milioni 2.5. Ni kweli tupu. Mwaka ule walishiriki watu 839, na wengi wao walirudi kwao bila hata nauli.

Mimi ni Mwislamu. Rafiki yangu anasema poka si kamari kwa kuwa ni akili, si bahati, na kwamba blafu si uongo. Mnasemaje? — Unguja

Fatwa si kazi yetu, muulize sheikh wako. Tunachoweza kusema ni kwamba hoja ya rafiki yako inajibu swali ambalo halikuulizwa. Aya ya 90 ya Suratul Maida imeitaja kamari pamoja na ulevi, na wanazuoni wanaoieleza kwa kawaida hawapimi akili imo kiasi gani. Wanaangalia kwamba kila mmoja ameweka mali na mmoja ataondoka na ya mwenzake. Kwa kipimo hicho poka ya pesa haina pa kupenyea. Hata hiyo akili ina mpaka: jozi ya ree ikikutana na jozi ya wafalme, pesa zote zikiwa ndani kabla ya karata za wazi, hushinda mara 82 hivi katika 100. Zile 18 zilizobaki hazijali umesoma vitabu vingapi.

Sheria za nchi nazo haziitengi poka na kamari. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi inayotoa leseni. Kenya ilikuwa na sheria ya 1966 mpaka ilipopitisha mpya mwaka 2025. Kote umri ni kuanzia miaka 18.

Kuhusu blafu, yaani kuweka dau kubwa ukiwa na karata mbovu ili mwenzako atupe zake: hapo tuko na rafiki yako. Kila aliyekaa mezani ameikubali kanuni hiyo na yeye pia ataitumia, kama mchezaji wa mpira anavyojifanya anakwenda kushoto. Udanganyifu huanza pale unapovunja kitu ambacho mwenzako ana haki ya kukitegemea: kwamba akaunti moja ina mtu mmoja, kwamba hakuna wawili waliopatana, kwamba aliyetupa karata hasemi alitupa nini wakati mkono bado unaendelea. Hilo la mwisho watu hulifanya kwenye ujumbe wa mezani bila kufikiri. "Ah, nilikuwa na ree!" Mtu anayewaza kama afuate dau ameshapewa habari ambayo hakuilipia, na mpinzani wake ameumizwa.

Mimi na mdogo wangu tunaishi chumba kimoja Ubungo, tunatumia intaneti moja. Tukikutana mezani hatuambiani karata, ila hatupigani wenyewe kwa wenyewe. Juzi akaunti zote mbili zimefungwa. Tumekosa nini? — Dar es Salaam

Kutopigana ndiko kosa lenyewe. Mtu wa tatu aliyekaa nanyi anadhani anapambana na watu watano, kila mmoja kivyake. Kumbe wawili ni timu.

Madhara yake ni haya. Kaka ana jozi ya wafalme, mdogo ana karata za kutupa. Mtu wa kati anafuata dau. Mdogo akipandisha, mtu wa kati anafuata. Kaka anapandisha tena, mdogo anatupa. Mtu wa kati ameshamwaga pesa mara mbili kwa sababu ya dau ambalo halikuwa na nia ya kushinda. Hilo ni la wazi, na nyie mnasema hamfanyi. Lakini hata kuambiana tu karata mlizotupa kuna thamani. Mchezaji ana karata mbili za kopa na mezani zimefunuliwa tatu, mbili za kopa. Anahitaji kopa moja ili zitimie tano za aina moja. Kwa anachokiona, zimebaki 9 katika karata 47, asilimia 19 kwa karata inayofuata. Akijua mdogo wake katupa kopa mbili, zimebaki 7 katika 45, chini ya asilimia 16. Anatupa mkono ambao mwingine angeufuata, na anaokoa pesa ambayo kwa haki ingekuwa ya mtu mwingine.

Na pale mlipo chumba kimoja, nani ataamini kwamba hamwambiani?

Kampuni hazihitaji kuwaona. Zina anwani ya intaneti, alama za kifaa, na historia ya kila mkono mliowahi kucheza. Wanahesabu: mdogo anapoweka dau, kaka hupandisha mara ngapi? Anapoweka mgeni, mara ngapi? Tofauti ikiwa kubwa kwa mikono mia kadhaa, faili linafunguliwa. Andikeni barua pepe, mkiri mnaishi pamoja, kila mmoja atume kitambulisho chake. Salio huenda likarudi, huenda likagawiwa waliowahi kukaa nanyi. Siku zijazo, watu wa nyumba moja wajulishe kampuni kabla, na wasikae meza moja hata siku moja. Wala asicheze mmoja kwa akaunti ya mwingine, hata kama yuko fainali na ameshikwa na usingizi. Kumnong'oneza nyuma ya bega ni kosa lilelile.

Nimenunua kwa shilingi 5,000, kupitia Telegram, programu inayoonyesha karata za wapinzani. Haionyeshi kitu. Muuzaji kapotea. — Nairobi

Na bora haionyeshi. Karata huchangwa kwenye seva ya kampuni, na simu yako hutumiwa zako mbili tu. Za wengine hazifiki kwenye kifaa chako mpaka zifunuliwe mwisho wa mkono. Hakuna programu inayoweza kusoma kitu ambacho hakipo kwenye simu.

Kinachotutia wasiwasi ni kile ulichokiweka kwenye simu. Kwa simu nyingine, leo, badilisha nywila za barua pepe, akaunti ya poka na benki, na PIN ya M-Pesa. Kisha hifadhi picha zako na uifute simu irudi kama ilivyotoka dukani. Kuiondoa programu peke yake hakutoshi. Usisahau pia kwamba ulinunua ukitaka kuwaibia wenzako. Ukienda polisi, jiandae kwa swali hilo.

Wizi wa kuona karata umewahi kutokea, lakini ulitoka ndani. Mwaka 2007 wachezaji wa kampuni ya Absolute Poker walimtilia shaka mtu aliyekuwa hafanyi kosa hata moja. Mmoja wao aliomba historia ya mikono, na kampuni ikamtumia faili lenye karata za kila mtu. Walipolichambua wakakuta akaunti nyingine ikitazama meza ileile, na mcheza huyo akitenda kama anayesoma karata zote. Kampuni dada ya Absolute Poker, UltimateBet, ikakutwa na ugonjwa huohuo mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, 1999, wataalamu wa usalama wa programu walionyesha kwamba mfumo mmoja wa kuchanga karata uliotumiwa mtandaoni ulikuwa mbovu: ulianza na saa ya kompyuta, na siku moja ina milisekunde milioni 86.4 tu, ilhali mipangilio ya karata 52 ni 8 ikifuatwa na sufuri 67 hivi. Ukizijua karata tano za kwanza ulizijua zote. Kasoro ilirekebishwa. Siku hizi uliza kampuni imekaguliwa na nani na leseni yake ni ya wapi.

Tishio la leo ni jingine: roboti. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Zile zilizofichwa kwenye meza za senti hazina uwezo huo, lakini hazichoki. Ukiona akaunti inacheza saa 18 mfululizo, ikijibu kila dau kwa sekunde zilezile, usipige kelele mezani. Nakili jina na namba za mikono mitano sita, tuma kwa kampuni. Na wewe, programu ya kutunza kumbukumbu na kujifunza baada ya mchezo kwa kawaida inaruhusiwa. Inayokuambia la kufanya mkono ukiendelea ni wizi, hata kama iko kwenye simu ya pili pembeni.

Kuna mtu hucheza kila usiku, hufuata kila dau, kila siku anaongeza pesa. Nikimwona naacha meza yangu namfuata. Ni halali hiyo? — Nakuru

Kwa kanuni, ndiyo, isipokuwa pale kampuni inapozuia kuchagua viti. Kwa dhamiri, humu ndani hatukukubaliana.

Mmoja wetu anasema hakuna poka bila hilo: kwa sababu ya makato, meza ya watu wenye uwezo sawa inawakausha wote, kwa hiyo kila senti ya faida inatoka kwa asiyejua kucheza, umfuate usimfuate. Mwingine anasema kuna tofauti kati ya mgeni anayejifurahisha na mtu anayezama. Mgeni hupoteza kiingilio, hucheka, hulala. Yule wa pili huongeza pesa mara tano usiku mmoja na dau lake hukua kila anaposhindwa. Wote tulikubaliana kwenye hili: ukimtambua wa pili na ukaendelea kumfuata, usimwambie mtu kwamba hiyo ni kazi ya akili. Na usimtukane anaposhinda kwa karata mbovu. Wanaofanya hivyo wana ukatili mara mbili.

Dada anauliza: mume wangu hucheza mpaka saa tisa usiku. Husema anashinda. Kodi ya nyumba tumechelewesha mara mbili na juzi nimeona ujumbe wa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Nifanye nini? — Mombasa

Pole sana, dada. Usimuulize kama anashinda, maana huenda mwenyewe hajui. Mchagulie mchana, siku ambayo hakucheza usiku uliotangulia, mkae na taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu; inapatikana kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#. Jumlisheni zilizokwenda, mtoe zilizorudi. Ongezeni riba na ada za mikopo ya simu. Namba hiyo moja ndiyo mazungumzo. Mengine ni maneno.

Mchezaji anayejitawala huweza kusema kwa haraka amepoteza kiasi gani mwaka huu. Anayekopa ili acheze, anayepandisha dau ili arudishe hasara ya usiku uleule, anayeficha simu, huyo mchezo umemshika, awe hodari au la.

Akikubali kuacha, fuateni mpangilio huu, kwa sababu ukikosewa pesa hurudi mezani. Kwanza toeni salio lote, na mngoje mpaka lifike kwenye simu. Kampuni nyingi huruhusu mtu kufuta ombi la kutoa, na ombi la saa tatu usiku hufutwa saa sita. Kisha aingie kwenye mipangilio ya akaunti achague kujizuia kwa muda mrefu kabisa uliopo. Asichague "mapumziko" ya saa 24, hiyo ni danganya toto. Afanye hivyo kwenye kila kampuni aliyojisajili. Atoke kwenye makundi ya Telegram, azuie ujumbe wa matangazo, na kikomo cha Fuliza kipunguzwe au kifutwe. Deni mlilipe moja kwa moja kwa anayedai, pesa isipitie mkononi mwake. Mshahara uingie kwenye akaunti mnayoiona wote wawili, angalau kwa miezi sita.

Kampuni isiyo na leseni inaweza kumfungulia tena kesho yake kwa ujumbe mmoja. Hiyo ni sababu tosha ya kukagua leseni. Akianza kusema maneno ya kukata tamaa au ya kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, au pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo.

Wasomaji wetu wa Uingereza wana GamStop: jina moja likisajiliwa, kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya huko humfungia mtu miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, bure. Kadi za mkopo nazo haziruhusiwi kwa kamari huko tangu Aprili 2020.

Nina dola 640 kwenye akaunti. Nizitoe au ziendelee kukaa? — Bujumbura

Toa zinazozidi unazohitaji kwa meza yako. Salio la poka si akiba ya benki. Serikali ya Marekani ilipozivamia kampuni kubwa tarehe 15 Aprili 2011, ilibainika kwamba Full Tilt ilikuwa inadaiwa na wachezaji dola milioni 390 hivi huku benki ikiwa na milioni 60 tu. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa 2014, na walipata kwa sababu mshindani wao PokerStars aliinunua kampuni hiyo. Jaribu kutoa dola 20 kwanza. Jina la kwenye akaunti liwe lilelile la kwenye kitambulisho na kwenye namba ya simu, herufi kwa herufi. Maombi mengi hukwama hapo.

Bando liliisha nikiwa na jozi ya ree. Programu ikatupa karata zangu. Si wizi huo? — Dodoma

Si wizi. Una sekunde chache za kujibu, kisha akiba ya muda, kisha mkono unatupwa. Zamani baadhi ya kampuni zilimlinda aliyekatikiwa: alibaki kwenye mkono bila kuongeza dau. Watu wakaanza kuchomoa waya kila walipopandishiwa dau wasilolitaka, na ulinzi ukaondolewa. Weka laini ya pili yenye bando, kaa meza moja, na chaji ikishuka chini ya asilimia 20 ondoka mezani kabla dau la lazima halijakufikia.